Povu Tele, Bia Kidogo

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku miili ni mizima. Kichwa changu ndicho kinachochemka.

Kinachonichemsha ni bia. Ile ninayopika mwenyewe jikoni sasa naitia kwenye pipa la chuma lenye bomba na mtungi wa gesi ya kuisukuma bia, kama baa. Ladha haina shida. Hata wifi yako, asiyesifu kitu, anaisifu. Taabu ni kuimimina. Ukifungua bomba, glasi inajaa povu mpaka juu. Ukisubiri litulie, unabaki na bia ya kulowesha ulimi. Nikapunguza gesi. Povu. Nikafungua bomba nusu, nikidhani itatoka taratibu, likazidi. Nusu pipa imeishia kwenye sinki, dada, nami nimesimama pale nikilitukana.

Mbaya zaidi, mwenye baa ya mtaa wa pili alikuja kuionja, nikampa povu glasi baada ya glasi. Akajifuta mdomo, akasema, "Bwana, nimekuja kunywa, sikuja kunyoa ndevu." Wifi yako alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka.

Juzi, kwa hasira, niliushika mpira unaotoa bia kwenye pipa hadi bombani, niung'oe. Ulikuwa na joto! Pipa limo ndani ya friji, baridi kali, lakini mpira nimeupitisha nyuma ya friji, tena mfupi. Bia inatoka baridi, inapata joto njiani, inaumuka povu. Nikanunua mpira mrefu, mwembamba, wa kuipunguza bia kasi, nikauzungusha juu ya pipa humo humo ndani ya friji. Nikasuuza glasi kwa maji baridi, nikaiinamisha, nikafungua bomba lote kwa mpigo. Bia ikashuka kimya, na povu la vidole viwili tu juu yake.

Jana mwenye baa alirudi. Akanywa, akaongeza, akasema atachukua pipa moja kwanza, aone wateja watasemaje. Moja! Wifi yako akanipongeza, nami nikashindwa kumtazama usoni. Dada, kazi ya ofisini nimeiacha tangu mwezi uliopita kwa ajili ya bia hii. Kila asubuhi navaa shati, naaga, nazunguka mtaani, kisha narudi kwenye pipa yeye akishatoka. Hajui. Leo akirudi namwambia.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mwambie hatujambo; hayo mengine niachie niyaseme mwenyewe.

Mdogo wako,
Kitindamimba