Siku Mdogo Wangu Alipohamishwa Kiti

Bweni la Wasichana,
Chuo Kikuu.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mama Mkubwa amepona kikohozi? Sisi tu wazima wa mwili. Yaliyobaki yasome ukiwa umeketi.

Mdogo wangu amemvunja taya mwanafunzi mwenzake kwa kiti.

Shuleni kwao huketi kwa matokeo: wa kwanza mbele, wa mwisho mlangoni. Ukishuka, unabeba dawati lako mwenyewe darasa zima likitazama. Ijumaa, rafiki yake tunayemwita Kimya alimpita kwa mara ya kwanza. Mwalimu akasema, "Haya bingwa, hama!" Wakaangua kicheko. Kimya hakucheka, alinyoosha mikono amsaidie kubeba. Mdogo wangu akamtwanga kiti cha uso, akamtwanga tena alipokwisha kuanguka. Damu iliruka mpaka ubaoni.

Kukokotoa anajua, Baba Mkubwa! Kushindwa nani alimfundisha? Nani alimwambia kwamba aibu haiui? Si shule. Si baba, aliyemchapa mkanda kila aliposhuka nafasi. Nawe, uniwie radhi, simuni hukumwuliza lolote ila amekuwa wa ngapi.

Sasa mkuu wa shule anataka kulifunika. "Huyu ndiye tegemeo letu la mtihani wa taifa," alimwambia baba. "Tuseme Kimya ndiye aliyeanza." Baba amekubali! Jumatano kamati ya nidhamu itamfukuza mtoto asiyeweza hata kufumbua kinywa ajitetee.

Jana nilimkokota mdogo wangu hadi wodini. Alimtazama mwenzake, taya limefungwa waya, akaninong'oneza: "Dada, nikisema ukweli, nitakaa wapi?"

Mkono wangu uliinuka. Niliushika kwa mkono wa pili. Yeye alikwisha fumba macho, analisubiri kofi. Lilipokosa kuja akafumbua, akaangua kilio kikubwa hadi muuguzi akaja mbio.

Ameahidi kusema kweli mbele ya kamati. Anachoogopa ni nyumbani baada ya hapo. Baba hamsikilizi mtu ila wewe, kaka yake. Mpigie kabla ya Jumatano, umwambie mkanda ubaki kiunoni.

Wasalimie Mama Mkubwa na dada zangu mapacha. Mungu awafunike kwa rehema, na sauti yako aitie uzito.

Mwanao akupendaye hata anapokugombeza,
Binti wa mdogo wako