Mjukuu Tuliyemkosa Asubuhi

Baba Edina,

Maharage yamefunikwa jikoni, ugali upike mwenyewe. Nimevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa dada, nikamwone mjukuu kwenye kompyuta yake.

Asubuhi Edina alitungoja kule Kitwe na kichanga mikononi. Kompyuta yetu ikagoma kushika waifai, hata pa kuandika neno la siri hapakutokea. Wewe fundi ukazima, ukawasha, ukawatukana Wazambia kwamba mnara wao unatuvuruga, ukasahau mkweo ni Mzambia. Nilipotaja swichi ya waifai ukasema, "Mama Edina, haya si mambo ya jikoni."

Ulipotoka nikaisukuma swichi ya ubavuni. Mtandao ukashika, lakini Edina alishachoka kungoja, kaacha ujumbe.

~~Usiiguse kompyuta.~~ Iwashe saa kumi, Edina atakupigia. Mtoto kampa jina lako, maskini mtoto.

Bibi yake