Koti Ambalo Hukulivua

Mdogo wangu Esta,

Ninakuandikia bila kujua uko mji gani. Mama Kokila wa duka la mboga la Kingsbury Road amesema atakupa barua hii siku ukimpitia, na kama hutaki kuisoma ataitupa, wala hatakusumbua. Nakala yake nitaisoma mbele ya wenzetu wa ibada ya Kiswahili kule Stratford. Humo jina lako nimeliondoa. La kwangu nimeliacha, maana niliyokutendea nilikutendea mbele yao.

Unaikumbuka Jumapili ya kwanza? Mama Gladness alikuleta mwenyewe hadi stesheni ya Kingsbury, akanikabidhi wewe na hotpot ya pilau ya kanisani. "Dada Roda, huyu binti ni mgeni, asije akakupotea. Saa kumi awe mlangoni, nina wageni." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilivimba kichwa kwa kuaminiwa na mzee wa kanisa. Isitoshe, nilipofika nchi hii sina mbele wala nyuma, ni yeye aliyenipokea na kunilaza sebuleni kwake hadi nikapata kazi ya unesi. Mtu wa namna hiyo humchunguzi. Aliposema, "Huyu si mfanyakazi, ni family," nilimwamini hata kabla hajamaliza.

Kwa karibu miaka miwili tulipanda treni moja, kwenda na kurudi. Nilikuwa nabeba maandazi kwenye leso, wewe ukila upesi upesi huku kiganja umekinga kidevuni, hata chembe isidondoke. Nikakusifia kwa wamama: tazameni mtoto aliyelelewa akaleleka. Esta, haikuwa adabu ile, ilikuwa njaa. Mimi nesi mzima, kazi yangu ni kutazama watu, na sikuiona.

Halafu lile koti lako la bluu. Ukumbi ule wa ibada hita zake zilikuwa hazijui kipimo, wamama wanajipepea kwa karatasi za matangazo, wewe umefunga vifungo hadi shingoni. Sikuacha kukutania. "Vua koti bwana, mbona kama unangoja basi?" Watu wakacheka, nawe ukacheka, na koti hukulivua.

Unajua nilivyokipenda kitabu cha Kutoka. Kila mwaka kuelekea Pasaka somo hilo lilikuwa langu, na nililifundisha kwa mikono miwili na sauti ya juu. Farao wangu alikaa mbali, Misri, ana mjeledi na magari ya farasi. Haikunijia hata mara moja kwamba Farao anaweza kuleta pilau kanisani na kukuuliza hali ya watoto. Jumapili ile yako ya mwisho nasi nilieleza jinsi Waisraeli walivyoila Pasaka wamesimama, wamevaa viatu, wamejifunga tayari kwa safari. Wewe hukuwa mtu wa kuuliza, lakini uliinua mkono.

"Dada, walijuaje kwamba siku yenyewe ndiyo hiyo?"

"Musa aliwaambia," nikakujibu, nikaendelea na somo langu.

Jioni yake ndiyo hii ninayoiandikia barua. Treni ilipoingia Kingsbury nilisimama, wewe ukabaki umekaa na mkoba mapajani. Ukaniangalia usoni, jambo ambalo ulikuwa hulifanyi, ukasema polepole: "Dada, leo nisishuke?"

Nilikuwa nimetoka kufundisha habari za Bahari ya Shamu saa mbili tu zilizopita. Nikakwambia: "Acha utoto, Esta. Mama atatuona wa ajabu." Milango ikaanza kulia. Nikakushika mkono, nikakuvuta tukashuka. Hukubisha. Mkono wako ulikuwa wa baridi, nami nikakufikisha hadi mlangoni kwa Mama Gladness.

Sikuishia hapo. Pale mlangoni nikamwambia, tena kwa kucheka, "Binti yako leo alitaka kuhamia kwenye treni." Naye akacheka. "Kumbe!" akasema, akakuwekea mkono begani, akafunga mlango. Jumapili iliyofuata hukuja, nikaambiwa una mafua. Iliyofuata, una mafua. Nikakutumia salamu za pole na limao.

Kisha akasimama kanisani akilia, akasema umetoroka na mwanamume, tukuombee. Nani aliongoza maombi? Mimi. Nilimlilia Mungu kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba akurudishe nyumbani. Ninamshukuru kwamba hakunisikiliza.

Wiki ile nilikwenda kwa Mama Kokila kununua bilinganya, nikaanza kulalamika juu ya wasichana wa siku hizi. Akayaweka mabilinganya yangu chini. Unakijua kile Kiswahili chake cha Unguja, alichoondoka nacho akiwa msichana baada ya Mapinduzi, yeye na nguo alizovaa.

"Hana mwanamume yule," akasema. "Akija hapa Jumanne kwa Jumanne kutumwa mboga. Siku moja nikamuuliza, pasipoti yako anayo nani, mwanangu? Akalia hapa hapa, penye viazi vitamu. Nyinyi mlikuwa naye kila Jumapili. Hamkumuuliza?"

Akanieleza yote: jikoni ulikolala, mshahara usiouona, simu uliyonyang'anywa baada ya mimi kukuchongea. Akanieleza pia kwamba Jumanne iliyofuata ile uliyolia alifunga duka mchana, akakupeleka kwa gari lake kwa watu wanaosaidia waliofungiwa majumbani, nawe ukiwa na lile koti. Mfukoni ulikuwa na mswaki na picha ya mama yako. Ulimwambia kwamba kila Jumapili ulikuja navyo, ukingoja mmoja wetu akwambie kwamba siku ndiyo hii.

Nilikaa kwenye gunia la mchele la Mama Kokila nikalia mpaka akaniletea chai.

Sasa nikisoma Kutoka natafuta mahali pangu na sipapendi. Siwezi kuwa Musa. Hata yule binti wa Farao, ambaye hakuwa wa imani yao, alimwona mtoto anayelia akamtoa majini. Mama Kokila anasali kwa Kihindu chake, na ni yeye Mungu aliyemtuma, kwa sababu sisi tulikuwa tunaimba. Naamini Mungu alikusikia tangu siku ya kwanza. Kinachoniuma ni kwamba alikuweka karibu yangu, kiti kwa kiti, miaka miwili.

Mama Gladness hanisalimu tena. Wapo wanaosema nimewaaibisha Watanzania mbele ya wazungu kwa kukubali kutoa ushahidi dhidi yake. Waseme. Somo la Pasaka nimewaachia wengine. Maandazi bado nachukua mawili kila Jumapili, sijui kwa nini, na moja hurudi nalo nyumbani.

Siombi unisamehe leo. Moyo wangu umevunjika na ni haki yake. Ila kuna swali uliniuliza na nililijibu vibaya, na kila Jumapili treni ikifika Kingsbury nalisikia upya. Niruhusu nilijibu sasa, ingawa nimechelewa na wewe huhitaji tena jibu langu.

Usishuke, mdogo wangu. Kaa hapo hapo na koti lako. Mimi nakaa nawe, twende mpaka mwisho wa reli.

Niliyekushika mkono,
Dada yako Roda