Msusi wa Mama

Nyumba ya kona, nyuma ya saluni,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi, ndugu yangu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Huku tunapumua. Mgongo unaniuma kwa kusimama saluni kutwa, lakini mdomo, kama unavyoujua, mzima kabisa.

Barua yako imefika. Pale ulipoandika kwamba furaha mtu huichagua mwenyewe, na kwamba nikiona maana ya ninachofanya mzigo utakuwa mwepesi, nilipasoma huku nasuka. Nilicheka mpaka mteja akageuka na kichwa kilichosukwa nusu. Wewe umekaa huko mbali unanigawia hekima! Wala sikukasirika. Yaani, nilikasirika, kisha ikapita.

Sasa nikwambie ukweli, maana kwenye simu huwa nakuficha. Mama hanijui tena. Mwanzoni nikiingia chumbani kwake nikisema, "Mama, ni mimi mwanao," alipiga kelele za mwizi, mpaka Mjomba Redio akaja mbio kutoka jikoni na mwiko. Hakula, hakukubali kuogeshwa. Nililia, ndugu yangu, nililia sana.

Halafu siku moja nikasahau kuvua aproni ya kazi, na kitana nimekichomeka kichwani. Akanitazama, akasema, "Msusi, mbona umechelewa?" Akasogea mwenyewe, akainamisha kichwa. Tangu hapo mimi ni msusi. Namsuka asubuhi, nikimaliza anakula, anaoga, anatulia. Alasiri akisinzia nazifumua nywele, ili kesho anihitaji tena.

Basi hapo ndipo ninapochagua, kama ulivyoniagiza. Kila asubuhi nasimama mlangoni: niwe mwanawe afukuzwe, au niwe msusi akaribishwe? Navaa aproni.

Akisukwa anapiga soga. Anakusifu wewe mpaka nachoka: kijana wangu msomi, kijana wangu atakuja. Juzi nikajikaza, nikamuuliza, "Na yule binti yako mkubwa?" Akasema, "Yule? Alinitupa. Hata kunijulia hali haji."

Ningefanyaje? Nikaendelea kusuka. Mstari ukaenda kombo, nikaufumua na kuanza upya nyuma ya sikio la kushoto, vile alivyonifundisha yeye nilipokuwa mdogo. Akaupapasa kwa kidole. "Aliyekufundisha wewe alijua kazi," akasema. Kitinda, furaha niliyoipata pale sijui niiite nini. Ilinifikisha mchana, halafu ikaisha.

Usije ukadhani nakuandikia habari njema. Nywele zinakwisha. Kusuka na kufumua kila siku kumezing'oa, na muuguzi anayekuja kumpima hakuzunguka maneno: nikiendelea, kichwa kitatoka vidonda. Nimejaribu kumpaka mafuta tu, akaniuliza kama nimekuja kazini au kucheza. Nikamwacha bila kumsuka siku nzima. Jioni alikuwa anapiga tena kelele za mwizi. Zimebaki kidogo za mbele, na kishungi nyuma ya lile sikio. Nasuka kwa ncha za vidole, roho mkononi.

Kama una safari ya kuja, njoo sasa. Usivae suti, atadhani daktari. Wala usimwambie wewe ni nani. Kaa karibu, umwache aseme mwenyewe.

Mjomba Redio anakusalimu, na kama kawaida yake salamu zenyewe zingejaza barua nyingine. Fundi viatu wa mlango wa pili anauliza kama bado unakanyaga visigino. Nisalimie sana wifi, na mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko, asiwaonyeshe haya ninayoyaona.

Mimi leo nafua aproni, ikauke kabla ya kesho. Hizo nywele zikiisha, ndugu yangu, sijui nitaingia chumbani kwake nikiwa nani.

Wako akupendaye hata akikufokea,
Dada yako