Sweta la Shingo Mbili

Alhamisi, mwezi wa sita.

Baridi ya leo haina adabu, imeingia hadi kwenye soksi. Kwangu ni neema, maana wazazi wamekumbuka masweta ya shule. Lakini leo sikufuma hata moja la mwanafunzi.

Nimeshinda na sweta la shingo mbili.

Ni kazi ya Nuru, msanii kutoka Dar es Salaam. Anaandaa onyesho la Jumamosi hapa mtaani kwetu Mazwi: watu wawili wanaingia ndani ya sweta moja, wanacheza polepole bila kuongea. Alitaka mfumaji mwenyewe awe mmoja wao. Mimi na umri huu, jukwaani! Nilikubali kwa sababu nilitaka tu kujua itakuwaje.

Jana, kwenye ukumbi wa mazoezi, akaniletea mwenzangu, mcheza ngoma mzuri kuliko wote aliowajaribu. Mlango ukafunguliwa, akaingia Masanja.

Masanja ni mume wa binti yangu Paskalia.

Kwao ni wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, sisi ni Wafipa wa mahindi na ulezi, lakini kwa hili tunaelewana: mkwe hamsogelei mama mkwe. Hatujawahi kupeana mkono. Akija kwangu anakula barazani, na sahani anapelekewa na Paskalia. Tukikutana njiani anapisha hadi majanini. Sasa tuvae sweta moja?

Masanja aliinamisha kichwa, akarudi nyuma hadi ukutani. "Dada Nuru, huyu ni mama mkwe wangu. Haiwezekani."

Nuru akashika mdomo. "Jamani, samahani mama. Sikujua kabisa."

Nilirudi nyumbani na mawazo. Nikikubali, namvunjia heshima Masanja na kumwaibisha binti yangu kwa wakwe zake. Nikikataa, hakuna onyesho, na Masanja anakosa jukwaa analolitamani tangu nimjue. Ila niseme ukweli, kilichoninyima raha zaidi ni swali: huyu mkwe wangu ni mtu gani? Miaka yote hii nakijua kisogo chake kuliko uso wake.

Asubuhi nikafumua mshono wa katikati, nikakaa kwenye mashine. Nimefuma kipande kirefu kwa uzi wa kijani uliobaki, nikakiunga kati ya shingo na shingo. Mikono imeniuma, chai imepoa. Sasa kutoka kwangu hadi kwa Masanja ni upana wa ukumbi mzima.

Nilimtuma Paskalia amuulize mumewe kwanza. Akarudi anatabasamu. "Anasema umbali huo unatosha, mama."

Jioni tukajaribu kule ukumbini. Nilivaa upande wangu nikiwa nimempa mgongo, naye akavaa wake.

"Shikamoo mama," alisema kwa mbali.

"Marahaba, baba."

Nuru akatuambia tutembee, kila mtu kwake, hadi sweta likaze.

Lilipokaza, nikasimama. Kitu kilikuwa kinanijia mgongoni, kidogo kidogo, kupitia ule ufumaji. Masanja alikuwa anatetemeka. Mwanaume mrefu vile, anayecheza mbele ya watu bila soni, ananiogopa mimi! Moyo uliniuma. Nikavuta pumzi ndefu, taratibu, ili aisikie. Baada ya muda naye akavuta. Kutetemeka kukaisha.

Hakuna aliyegeuka. Paskalia alikuwa analia kwenye benchi.

Jumamosi tutafanya hivyo hivyo mbele za watu. Nimekaa hapa na swali ambalo sijui nimpelekee nani, padri au shangazi zangu: leo nimemshika mkwe wangu, au sijamshika?