Bomba la Shaba Nyuma ya Jiko la Cassian

Jumapili, 8 Septemba 1957

Cassian kanisimamisha nje ya kanisa. Ana shida na mimi! Tangu Aprili, tulipomzika Rugemalira wangu aliyeuawa na radi, hajakanyaga kwetu Nyaishozi. Leo ni shemeji hivi, shemeji vile. Kanunua redio kubwa yenye gramafoni ndani, inakwenda kwa jenereta. Iko nyumbani kwake Omurushaka, na inanguruma kama mzinga wa nyuki. Nyimbo hazisikiki. Fundi wa Bukoba hajaja, na Jumamosi mwami wa gombolola, mtawala wa huku kwetu, anakuja kuisikiliza.

Huku anayejua waya ni mimi tu. Rugemalira alijifunza redio vitani Burma, akanifundisha mimi. Cassian, rafiki yake, alikuwa naye hukohuko, akibeba magunia.

Nikamtazama mdomo. Mdomo uleule uliosema kwenye msiba, mbele ya wakwe zangu: "Radi haipigi bure." Neno moja tu! Ukoo ukakataa mume wangu azikwe kibanjani, kwenye migomba ya baba zake. Tukamlaza kando ya njia kama mwizi. Nami mpaka leo ni mke wa mkosi.

Nimemjibu nitakwenda Alhamisi. Kwa nini nimekubali? Nataka kumwona akinihitaji. Basi.

Alhamisi, 12 Septemba

Niandike polepole.

Cassian hakuwapo, kaenda Nyakakika kununua kahawa. Mkewe, Adelgunda, kanipokea. Mjamzito, miguu imevimba, mpole kama siku zote. Akawasha jenereta. Kweli — mngurumo mtupu! Nikagusa bati la nyuma ya redio kwa mgongo wa kidole, kama nilivyofundishwa. Likanichoma. Kidogo, lakini likanichoma. Nikajua: waya wa ardhini haufanyi kazi. Umeme unaovuja hauna pa kushukia.

Nikaufuata waya mpaka nyuma ya jiko. Udongo mkavu kama majivu, mvua hatujaiona tangu Mei. Dawa yake ni maji na chumvi. Nikafukua nione kiungo.

Bomba la shaba. Lina alama tatu za tupa, na herufi R.

Nilikaa chini.

Bomba hilo Rugemalira alilipigilia mwenyewe nyuma ya nyumba yetu, mwaka arobaini na tisa. Nilimshikia taa. Radi ikipiga waya wa juu, ipite hapo iingie ardhini, isiingie ndani. Aprili radi iliingia ndani. Ilipita kwenye redio ikamkuta ameshika kitufe. Baada ya mazishi nilifukua — waya upo, na ncha yake imefungwa kwenye jiwe. Jiwe! Nilidhani huzuni imenitia wazimu.

Kumbe mtu aling'oa bomba, akafunga jiwe ili waya usilegee, tusijue.

Nikamuuliza Adelgunda, hili bomba mliweka lini? Akasema Machi, kwa ile redio yao ndogo ya betri, zile siku mimi na Rugemalira tulipokwenda harusini Bukoba. Alisema huku ananimiminia chai!

Nikafukia. Nikasema nitarudi Jumamosi kumaliza kazi.

Ijumaa, 13 Septemba

Sikula. Nimenoa koleo la kukatia waya.

Ni rahisi mno. Nikate waya wa ardhini, kisha waya wa jenereta uguse bati la redio. Cassian ana desturi ya kuegemea kitu chake anapojisifu. Ataegemea mbele ya mwami. Kisha mimi nitasema, kwa sauti ya upole: umeme haupigi bure, shemeji.

Nimecheka peke yangu jikoni. Mungu ananiona. Aone.

Jumamosi, 14 Septemba

Nilifanya. Asubuhi, kabla ya wageni, nilikata waya na kuunganisha. Jenereta ikawashwa.

Akaingia Adelgunda. Peku. Kitambaa kinachuruzika maji mkononi. Anakwenda kufuta vumbi kwenye redio!

Nilipiga yowe hata kuku wakaruka. Mkono wake ulisimama — shubiri moja tu ilibaki. Nilikimbia nikazima jenereta, nikamnyang'anya kitambaa. Rugemalira aliniambia: umeme haujui adui, humshika aliye karibu. Nilisahau. Hapana — sikutaka kukumbuka.

Nikaurudisha waya wa jenereta mahali pake. Kisha nikachukua jembe, nikaling'oa bomba.

Wageni walipoketi, Cassian yuko ndani ya koti jipya. "Tayari, shemeji?" Nikaliweka bomba juu ya redio yake inayong'aa, na udongo wake wote.

"Soma, Cassian."

Akasema alilinunua. Kwa nani? Hilo akaliruka. Akasema huyu mwanamke kaingiwa na shetani. Mwami akaipapasa ile R kwa kidole, taratibu. Akasema maneno haya hayasemwi kwenye pombe, yaletwe barazani Jumanne ya tarehe ishirini na nne. Bomba kalichukua yeye.

Wakanywa rubisi, pombe yao ya ndizi, bila wimbo hata mmoja. Kitamu kilioje, kimya kile!

Jumatano, 18 Septemba

Cassian kaja, peke yake. Ananitaka niseme nilikosea. Atanipa ndama. Atanipa redio.

"Niliazima tu, shemeji waitu. Ningerudisha kabla ya mvua."

"Na jiwe?"

Akainamisha macho. Nilitaka kuyaona macho hayo chini tangu Aprili, na sikushiba. Nikamwambia sitaki ndama. Nataka mdomo uleule uwaambie wakwe zangu nani aliiita radi. Nataka Rugemalira arudishwe kibanjani.

Akasema barazani atakana.

Jumanne, 24 Septemba

Naandika kwa magoti, hapa barazani. Wakwe zangu wako upande wa pili, hakuna aliyenisalimu. Adelgunda kaketi na wanawake wa ukoo wa Cassian, ananitazama halafu anaangalia chini. Anayejua habari ya Machi ni yeye tu. Sikwenda kumwomba. Kwa uso gani? Mkono wake niliuweka kwenye moto mimi.

Karani kamwita Cassian. Ameapa. Anasema bomba alilinunua Bukoba, mwezi wa Juni, na herufi aliikuta. Ana mashahidi wawili. Sauti haitetemeki hata kidogo — jamani!

Mwami anauliza kama yupo mwenye neno.

Adelgunda anasimama. Cassian anamwambia keti. Haketi. Kashika tumbo kwa mkono mmoja, anawapita wanawake, anakuja upande huu. Mwami anamuuliza ana neno gani, naye anasema: "Bomba hilo lilikuja kwetu Machi, si Juni."