Mlima Ulishuka Kama Nilivyosema, na Sasa Baba Hataki Kuniona

Mpendwa Bi Janat, pokea salamu zangu kutoka Manga, mimi ni msichana wa miaka kumi na minane na naomba unisaidie, kwa sababu huku kila mtu ana jibu lake juu yangu na hakuna hata moja linalonipa usingizi.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu nikiwa mdogo nimekua nikisikia habari za dunia kuharibika, shuleni tulifundishwa, kwa simu naona mafuriko huku na moto kule, ukame upande huu na mvua ya mawe upande ule, lakini nilikuwa nikiona ni mambo ya watu wengine, mpaka mvua ya mwaka huu ilipoanza ikakataa kukoma, na siku moja nikichuma majani chai juu ya nyumba yetu nikaona ardhi imepasuka, ufa mwembamba unaokata shamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, nikaupuuza, lakini wiki iliyofuata kiganja changu chote kiliingia, nguzo za ua zilikuwa zimeinama kuelekea bondeni, mlango wa jikoni ukawa unakwaruza sakafu, na chemchemi yetu ikaanza kutoa maji mekundu.

Nilimwambia baba. Baba yangu anaitwa Omwenga, ni mtu mzuri, halewi na hajawahi kutupiga, alinisikiliza hadi mwisho halafu akasema, "Bathsheba, huu mlima babu yako aliukuta hapa na akauacha hapa. Mimi nihame kwa sababu ya kitu umesoma kwa simu?" Nikamwambia, "Baba, hiki sijasoma. Twende nikuonyeshe." Akaenda, akauona ufa, akaufukia kwa jembe, akaukanyaga kwa gambuti zake na kusema umekwisha.

Mama hakubishana naye. Asubuhi aliwavalisha wadogo zangu sweta, akaniambia nibebe godoro, tukaenda kwa mama mdogo kule Nyaramba, na baba akabaki peke yake akisema nyumba haiachwi tupu, na kila niliporudi kumpelekea chakula vijana wa dukani walikuwa wakiniita, "Nuhu! Sema, safina imefika wapi?" na mimi napita tu.

Halafu Jumamosi moja mchana, mvua ikinyesha, baba akiwa amepeleka majani chai kwenye kituo cha kuyauzia, mlima ulishuka. Ulichukua nyumba, jikoni na ng'ombe wetu aliyekuwa amefungwa nyuma. Binamu yangu alinipigia simu akipiga kelele, "Bathsheba, mlima umeshuka, kwenu hakuna kitu!" Na Bi Janat, hapa ndipo panaponiumiza, kabla sijauliza kama baba yuko hai, kitu ndani yangu kilisema "niliwaambia," na kilifurahi, kilifurahi kweli, nimesimama na simu sikioni huku mama akinitazama usoni bila kujua kama ameshakuwa mjane.

Baba alikuwa mzima. Tulimkuta amesimama juu ya udongo, kikapu cha chai bado kiko mgongoni, na aliponiona alisema maneno mawili tu, "Sasa umeridhika?" na tangu siku hiyo hajasema nami tena, anakaa kwa baba mkubwa, nikiingia yeye anatoka.

Sasa wale walionicheka wamegeuka. Pasta anataka nisimame kanisani nitoe ushuhuda kwamba nilifunuliwa. Majirani wananiita nikaangalie mashamba yao. Omogaka Obwocha, mzee anayeishi peke yake upande wetu wa mlima, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, nikilala hapa leo nitaamka?" Mimi sijui, mimi si mtaalamu, nilichoka na nilimhurumia, nikamwambia, "Lala tu, hakuna shida." Na mke wa baba mkubwa naye amesikika kisimani akisema, "Aliyejua ndiye aliyeleta," na hapa kwetu unajua maneno kama hayo huishia wapi.

Nimeitwa chuo cha uuguzi Kisii, muhula unaanza karibuni, lakini nikiondoka na mlima ukashuka tena, je, si mimi nitakuwa nimewaua? Nibaki au niende? Na je, nimwambie baba ile furaha niliyoisikia, ili moyo utulie?

Ni mimi, Bathsheba, Manga

JIBU LA BI JANAT

Bathsheba mwanangu, wasomaji waniwie radhi, barua yako haikuweza kungoja gazeti. Nilipofika pale ulipomwambia mzee Obwocha alale tu, niliiweka chini nikakupigia simu, na wewe unajua nilivyokufokea. Narudia hapa ili na wengine wasikie. Mtu akikuuliza kama nyumba yake ni salama nawe hujui, jibu ni "sijui, na usilale hapa mpaka anayejua aje aangalie." Huruma inayomlaza mzee chini ya mlima uliopasuka si huruma. Nashukuru ulikwenda jioni ileile pamoja na mama yako, mkamweleza ukweli, naye sasa yuko kwa binti yake Nyamira mjini, analalamika kwamba chai ya huko haina maziwa ya kutosha. Na alalamike. Anayelalamika anapumua.

Sasa tuje kwako.

Ile furaha. Usiibebe kama maiti. Ulikuwa umechekwa njia nzima, umeitwa Nuhu, umeona baba yako akifukia ukweli kwa jembe. Mwili ulifurahi kabla moyo haujapata habari, na moyo ulipopata habari ulikimbia kutoka Nyaramba kwenda kumtafuta baba. Nakuhukumu kwa huko kukimbia, na hukumu yangu ni kwamba u mtoto mwema. Je, umwambie? Hapana. Ukimwambia utapata nafuu wewe, na mzigo utaenda kwake, naye kwa sasa hana pa kuutua.

Maana mtazame mzee Omwenga kwa jicho lingine. Mchana mmoja alipoteza nyumba aliyoachiwa na baba yake, ng'ombe wake, na neno lake mbele ya mkewe. Lile "umeridhika" alilisema mtu aliyekuwa akizama, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Usimdai msamaha. Usitamke "nilikuambia" hata kwa macho. Akitoka ukiingia, mwachie chakula uende, kesho urudi. Na umwombe kazi ambayo ni yeye tu anayeiweza. Mwulize maji ya mvua yalikuwa yakipita wapi alipokuwa mtoto, na mahali gani bapa anaonelea nyumba mpya isimame. Yeye amelima mlima huo maisha yake yote. Aliukosea mara moja, hakuacha kuujua.

La tatu silichezei hata kidogo. Huyo mama wa kisimani. Tunaoishi Kisii na Nyamira tunajua kina mama wazee walioitwa wachawi wakachomewa ndani ya nyumba zao kwa sababu mtu mmoja alinong'ona na wengine wakanyamaza. Nilikuambia kwa simu na nakuandikia tena: nenda na mama yako na wanawake wawili wa kanisa kwa chifu, mseme maneno yaliyosemwa na aliyeyasema, waziwazi. Usizunguke peke yako kukagua mashamba ya watu. Na baba mkubwa aambiwe na wazee wenzake kwamba mdomo wa nyumba yake una hatari.

Lakini chifu hatoshi. Dawa yenyewe ni kuhakikisha unachokijua wewe kinajulikana na kila mtu, ndipo hakutakuwa na wa kunyooshewa kidole. Kwa hiyo kwa pasta nenda, tena simama mbele kabisa. Ila usidanganye kwamba ulifunuliwa. Waambie, "Niliona ufa. Niliona nguzo zimeinama, mlango unakwaruza sakafu, maji ya chemchemi yamegeuka mekundu. Ukiona haya kwako, toa watoto kwanza, ubishane baadaye." Waambie pia mvua ya siku hizi si ile ya babu zetu, inamwaga kwa siku moja maji yaliyokuwa yakimwagwa kwa mwezi, na kwamba mlima uliovuliwa miti yake ya asili hauna cha kujishikilia. Mimi mwenyewe maji yalipoingia dukani kwangu hapa Kisii yakaharibu vitambaa, nilisema ni mkosi, mpaka mwanangu Zaki alipoingiza mkono mferejini akatoa magunia ya takataka tulizotupa sisi wenyewe wenye maduka. Nilikasirika naye siku nzima. Sisi wakubwa hukasirika tukionyeshwa, lakini tunaona. Tuonyesheni hivyohivyo.

Na maafisa wa kaunti waitwe waje na vyombo vyao. Hiyo ni kazi yao, wanalipwa, na si kazi ya msichana wa kidato cha nne. Andikeni barua kama kijiji, sahihi ya baba yako iwe ya kwanza.

Je, ubaki au uende? Nenda! Nimeshangaa hata unauliza. Umezaliwa wakati mgumu, sikatai. Kizazi changu kilirithi milima na mito, ninyi tumewaachia mvua isiyo na adabu na bili ya chakula ambacho hamkukila. Ni haki yenu kutukasirikia. Lakini Manga haitaokolewa na wewe kukaa macho ukisikiliza paa. Ufa mmoja ulionwa na macho yako, ufa mwingine utaonwa na macho ya wale uliowafundisha Jumapili, na siku watu watakapotolewa kwenye udongo wakiwa hai watahitaji mtu mwenye gauni jeupe anayejua la kufanya. Kasome uwe huyo. Kisii si ng'ambo. Mwisho wa juma utapanda gari uende ukawaangalie.

Kuna neno moja ulilolitaja kwa simu ukalipita haraka, nami nilikunyamazia ili nilijibu hapa. Ulisema jana yake baba yako alimwuliza mama yako, huku akitazama upande mwingine, kama sanduku la chuo ni zito. Ukadhani anauliza habari za sanduku.

Bathsheba, mwambie ni zito. Mwambie huliwezi peke yako.